Mtihani Usiofelisha Mtu

Kila aliyewahi kutafuta leseni ya udereva mjini pale alimjua Mzee Rivasi, na wengi walimjua kwa uchungu. Alikuwa mtahini. Akisimama kando ya uwanja na filimbi shingoni, hata dereva wa lori alisahau gia ya kwanza iko upande gani. Ukigusa koni wakati wa kurudi rivasi, umefeli. Ukipita bila kuigusa lakini ukashangilia, umefeli vilevile, kwa kuwa umeachia usukani. Wala hakuwa mtu wa kufoka. Alikuinamia dirishani kwa upole, kama aliyekuja kutoa rambirambi, akasema maneno mawili tu: "Rudi Jumatatu."

Alimfelisha mhubiri wa mtaani kwake siku ya Jumamosi, kesho yake akakaa safu ya mbele kumsikiliza akihubiri juu ya huruma. Alimfelisha shemeji yake. Mwisho wa yote alimfelisha mke wake wa ndoa, kwa koni iliyotikisika tu bila kuanguka, na kwa muda mrefu baada ya hapo chakula chake kiliwekwa mezani kimefunikwa, bila neno, kama cha mpangaji.

"Mtihani usiofelisha mtu," alikuwa akijitetea, "si mtihani. Ni sherehe."

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Macho yakaanza kumchezea. Siku aliyopuliza filimbi kwa nguvu kwa sababu koni imeguswa, kisha koni ikainuka ikakimbia, na ikaonekana kumbe ni paka, aliivua filimbi akaitia mfukoni, akamshukuru Mungu kwa miaka aliyompa, akaenda nyumbani.

Nyumbani hakukukalika. Mtu aliyezoea kutahini hawezi kuacha kutahini. Alitahini milango inavyofungwa. Alitahini sufuria zinavyopangwa. Mke wake akavumilia, akavumilia, hadi siku alipomkuta amesimama nyuma yake anamtazama akimimina chai.

"Baba," alisema bila kugeuka, "tafuta shule."

"Umri huu, Mama?"

"Umri huu huu. Elimu haina mwisho, lakini subira yangu inao."

Ndivyo alivyoingia masomo ya jioni ya kompyuta, katika darasa ambamo wengi wangeweza kumwita babu. Alikaa mbele, akakuza herufi mpaka neno moja likajaa skrini nzima. "Skrini inakuza herufi," alimweleza mke wake. "Barabara haikuzi magari." Kila zoezi alilifungua kwa sala na kulifunga kwa sala, na katikati ya sala hizo mbili aliomba sana.

Mungu si Athumani. Alipohitimu, ofisi moja ndogo ya kutengeneza programu ilimchukua kwa muda wa majaribio. Ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la miwani, chenye feni inayolalamika, nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa gundi ya karatasi, na birika la umeme ambalo kila mtu alilitumia na hakuna aliyeliosha. Mke wake ndiye aliyempeleka kila asubuhi. Mama alikuwa amepata leseni kwa mtahini mwingine mwaka ule ule mumewe alipostaafu, akanunua gari dogo lililotumika, na hakuwa mtu wa kusahau. Kila alipofika mbele ya ofisi hakuingia kifuambele. Alipita, akasimama, akarudi rivasi polepole kati ya pipa la taka na nguzo ya taa, kisha akazima injini.

"Nimefaulu?" aliuliza kila siku.

"Siku njema, Mama," alijibu kila siku, akashuka.

Mwenye ofisi alikuwa mwanamke kijana mwenye hatua za haraka, ambaye wote walimwita Bosi. Yeye alimwita mtahini wa zamani "Mzee wangu," na mara nyingine alimtazama kwa namna ambayo Mzee Rivasi hakuielewa. Fundi wake mkuu alikuwa kijana mmoja aliyevaa hedifoni tangu anaingia hadi anatoka. Huyo aliitwa Injinia, na inasemekana hata kwenye harusi ya dada yake alizivaa.

Ofisi ile ilikuwa inatengeneza programu ya zahanati. Kazi ya programu ni moja: muuguzi anaandika leo mgonjwa ametibiwa nini, programu inamwambia arudi tarehe gani. Bosi mwenyewe ndiye aliyeiandika sehemu ya tarehe, tena kwa fahari. Kazi ya Mzee Rivasi ilikuwa kuhakikisha kwamba programu haisemi uongo. Kulikuwa na majaribio madogo madogo mengi: mpe programu siku fulani, tazama inajibu nini. Jaribio likipita, skrini inaandika kwa kijani. Likifeli, inaandika kwa nyekundu.

Ili majaribio yote yasirudierudie maneno yale yale, yeye alitakiwa kuyaandalia wasaidizi. Msaidizi ni fungu dogo la amri lenye jina lake. Unaliandika mara moja, kisha kila jaribio linaliita likilihitaji: mmoja wa kuhesabu mistari, mmoja wa kusema neno kwenye skrini, mmoja wa kulinganisha jibu na matarajio, mmoja wa kuliendesha jaribio lenyewe na kutangaza kijani au nyekundu. Kazi ya mchana mmoja, ungedhani.

"Shida ni mashine, Mzee wangu," Bosi alimweleza. "Wasaidizi wako lazima wafanye kazi kwenye mashine zote tatu. Yangu, ya Injinia, na Bibi."

Mashine ya Bosi ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, unaogopa kuipumulia. Ya Injinia ilikuwa imefunikwa kwa vibandiko hata rangi yake haikujulikana. Bibi alikuwa stoo, kati ya ndoo na mafagio: kompyuta nene, kongwe, inayowaka kwa mguno. Lakini zahanati zote zilikuwa na mashine kama Bibi, kwa hiyo Bibi asipokubali, hakuna biashara.

"Ijumaa Muuguzi Mkuu wa zahanati anakuja kuona," aliendelea Bosi. "Wasaidizi wakifanya kazi kwenye mashine zote tatu, una ajira ya kudumu. Wasipofanya, tutaagana kwa wema."

Mzee Rivasi aliitaka kazi ile kama mtoto anavyotaka baiskeli. Si kwa ajili ya mshahara peke yake. Alishaonja kukaa nyumbani kutahini sufuria, na hakuwa na hakika kama ndoa ingeustahimili muhula wa pili.

Basi akaanza. Na mara moja akagundua kwamba mashine tatu ni kama wake wenza: ukimfurahisha huyu, yule ananuna.

Alimwandika msaidizi wa kuhesabu mistari. Kwenye mashine ya Injinia alijibu "3," na matarajio yalikuwa "3." Kijani. Kwenye mashine ya Bosi, nyekundu. Akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Tatu na tatu. Alikaa pale asubuhi nzima akizilinganisha tatu mbili zilizofanana kama mapacha.

"Mzee, tatu ya Bosi ina nafasi tupu mbele yake," Injinia alimwambia, hedifoni moja ikiwa imesogezwa nyuma ya sikio. "Ndivyo mashine yake inavyohesabu. Inaacha nafasi kwanza, ndipo inaandika namba."

"Kwa nini?"

"Mashine ya bosi hiyo. Tatu yake haiwezi kutembea bila walinzi kutangulia."

Akaandika amri ya kufuta nafasi zote. Kijani. Akaja msaidizi wa kusema. Kuna amri ya kuandika neno kwenye skrini, na ukiiongezea herufi moja yenye kistari, unaiagiza isishuke mstari. Mashine ya Injinia ilitii. Mashine ya Bosi iliandika neno, lakini kwanza ikakiandika na kistari chenyewe pamoja na herufi yake, wazi mbele ya watu.

Mzee Rivasi alicheka mpaka akashika meza. "Huyu ni mtoto anayetumwa, 'Kamwambie mgeni sipo,' akaenda akasema, 'Mama anasema nikwambie hayupo!'"

Akaiacha amri hiyo, akatumia nyingine ambayo ni mtiifu kokote. Kijani tena. Kabla ya kubonyeza Enta kila mara alifumba macho na midomo yake ikacheza.

"Mzee, unaombea hata kuhesabu mistari?" Injinia aliuliza.

"Hasa hiyo, mwanangu. Wewe umeiona ilivyonitesa."

Lakini mwenye shughuli hasa alikuwa Bibi. Bibi hakujua maneno ya vijana. Injinia alipenda kufungia amri zake kwa mabano mawili mawili. Bibi alijua moja moja. Kila ulipompa jambo jipya alijibu kwa lugha yake fupi kwamba halijui, akakaa kimya akiguna. Mzee Rivasi aliburuta kiti hadi stoo, akakaa kati ya mafagio, na humo wawili hao wakaelewana pole pole kama watu wa rika moja. Mabano akayapunguza. Maneno ya mapambo akayaondoa.

Akabaki msaidizi mmoja, yule wa kuliendesha jaribio, ambaye ndiye mkubwa wao. Huyu alifanya kazi kwa kupokezana: jaribio linaendeshwa, na yote linayoyasema yanapitishwa kwa amri ya pili, ambayo kazi yake ni kuyanakili tu, nakala moja skrini, nakala moja kwenye faili la ripoti. Juu kabisa Injinia alikuwa ameweka mstari mmoja mfupi. "Huo usiuguse, Mzee. Ni wa ulinzi," alisema, akarudisha hedifoni masikioni kabla hajaulizwa unalinda nini.

Mashine ya Injinia iliupenda mstari ule. Ya Bosi iliupenda, ingawa ilibaki na nyekundu mbili tatu upande wa tarehe, ambazo Mzee Rivasi alizihesabu kuwa ni visirani vya mashine ya rangi ya fedha. Bibi aliukataa katakata. Kila jaribio lilifia kwenye mstari wa kwanza. *Siujui huu*, alisema Bibi kwa namna yake, na akazima kila kitu.

Ilikuwa Alhamisi mchana. Mzee Rivasi aliuzunguka mstari ule kama mtu anayezunguka nyumba kutafuta mlango. Akaomba. Akanywa maji. Akaomba tena. Kisha akafanya alichokuwa akifanya kwa Bibi wiki nzima: jambo asilolijua Bibi, akalifuta.

Akabonyeza Enta.

Kijani. Kijani. Kijani. Skrini ya Bibi iliteremka kijani kama shamba baada ya mvua. Akakimbilia mashine ya Injinia: kijani. Ya Bosi: kijani, na zile nyekundu za visirani nazo zimetoweka! Mzee Rivasi aliinua mikono yote miwili, akamtukuza Mungu kwa sauti iliyosikika hadi duka la miwani. Injinia akavua hedifoni zote mbili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Bosi akaagiza soda.

"Mzee wangu," alisema, akimgonganishia chupa, "umenishangaza."

Usiku ule alilala usingizi wa mtu mwema.

Lakini mazoea yana tabu. Enzi za filimbi, kila asubuhi ya mtihani, kabla watahiniwa hawajafika, Mzee Rivasi alikuwa akiingia mwenyewe kwenye gari na kuigonga koni kwa makusudi. Kisha alishuka kumtazama karani wake, aone kama ameandika "amefeli." Karani akiwa anasinzia, ndipo alipojulikana. Basi Ijumaa asubuhi alifika mapema, akakaa mbele ya Bibi, na mkono wake wenyewe, bila kuagizwa na kichwa, ukaenda kugonga koni. Aliiharibu programu makusudi. Aliiagiza imwambie kila mgonjwa arudi tarehe arobaini na tano.

Akabonyeza Enta. Hata hakuomba, maana alijua jibu.

Kijani.

Akatabasamu, akidhani amekosea. Akaiagiza programu iseme "mbuzi" badala ya tarehe. Kijani. Akaiondoa programu yote, akaacha faili tupu lisilo na hata nukta. Kijani! Mwisho aliwaita wasaidizi wake walifanyie jaribio jambo lisilokuwepo duniani, neno aliloandika kwa kugonga kibodi kwa kiwiko.

Kijani.

Yeye, mtu aliyemfelisha mke wake kwa koni iliyotikisika, alikuwa ametengeneza mtahini anayempitisha hata mbuzi. Mbuzi angepewa leseni. Mbuzi angepewa na basi la abiria.

Alirudisha kila kitu mahali pake, akatoka kumtafuta Injinia, akamkuta mbio mbio kwenye korido amebeba viti.

"Mwanangu, simama. Ule mstari wa ulinzi. Ulikuwa unalinda nini?"

"Unauliza wa nini? Si upo?"

"Niliufuta. Bibi aliukataa."

Injinia aliviweka viti chini. Akashika kichwa. "Mzee. Amri zikipokezana, mashine humwuliza yule wa mwisho tu kama kazi imefanikiwa. Wa mwisho ni nani? Yule wa kunakili. Ule mstari ndio uliokuwa unailazimisha imsikilize na wa kwanza."

Mzee Rivasi alielewa mara moja, na ilimuuma kama jino. Dereva amegonga koni, ameangusha ukuta, ameingia mtaroni; na badala ya kuuliza gari liko wapi, anaulizwa karani: "Vipi, imekwenda vizuri?" Karani anajibu: "Vizuri sana, bwana, kalamu haikukwama hata kidogo."

"Kwa hiyo zile nyekundu za Bosi..." alianza.

"Zilikuwa za kweli. Sehemu yake mpya ya tarehe ilikuwa kwenye mashine yake peke yake hadi jana jioni." Injinia alitazama ngazi. Chini walisikia mlango wa gari ukifungwa. "Sikiliza, Mzee. Muuguzi ndiye huyo anapanda. Leo kijani ni kijani. Unaonyesha, anasaini, unapata kazi, Jumatatu tunarekebisha taratibu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe huhesabiki!"

"Na aliye juu?"

"Muuguzi? Bado yuko ngazi ya kwanza."

"Juu zaidi," alisema Mzee Rivasi.

Mwisho wa chumba Bibi alikuwa ameshawekwa kwenye meza ya mkutano, amefutwa vumbi. Muuguzi Mkuu alikuwa mama mnene, mtulivu, mwenye saa iliyoning'inia kifuani na macho ya mtu aliyezoea kuambiwa "haiumi" na kujua kwamba inauma. Alikaa, akakataa soda, akatazama skrini iliyojaa kijani.

"Inapendeza," alisema. "Hii ndiyo nini?"

"Ni majaribio yetu," Bosi alijibu, uso ukimwangaza. "Yote yamepita, kwenye mashine zote. Na aliyewaandaa wasaidizi wa majaribio ni huyu mzee wetu. Mzee wangu, mweleze mama."

Mzee Rivasi alisimama. Alifumba macho. Injinia, mlangoni, naye alifumba macho, ingawa hakuwa mtu wa kusali. Mzee Rivasi alikuwa ametoa hukumu ile kwa mamia ya watu katika maisha yake, lakini hakuwahi kujua ina uzito gani upande wa pili wa dirisha.

"Nimefeli," alisema.

Feni ililalamika. Bosi aliendelea kutabasamu kwa kuwa tabasamu lilikuwa halijapata habari.

"Mama, kijani hiki ni cha bure. Nilifuta mstari ambao sikujua kazi yake. Tazama." Akaandika kwa vidole viwili, akaiagiza programu iseme mbuzi, akabonyeza Enta. Kijani kiliteremka. "Hapa mgonjwa ameambiwa arudi mbuzi. Na mtihani wangu umempitisha."

Muuguzi Mkuu aliegemea mbele. "Arudi mbuzi," alirudia polepole.

"Mzee wangu," alisema Bosi kwa sauti nyembamba, "kaa chini."

"Mwache," alisema Muuguzi Mkuu. "Mwaka jana tuliletewa programu na watu wengine. Siku ya maonyesho mambo yote kijani hivi hivi. Baadaye wagonjwa wakawa wanakuja siku ambayo tumefunga, wanagonga mlango na watoto mgongoni. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mzee, kinarekebishika hicho?"

Mzee Rivasi alimtazama Injinia. Injinia alitazama viatu vyake, kisha akaingia ndani. "Kinarekebishika. Tusiwapokezanishe, Mzee. Mwache wa kwanza amalize, maneno yake yaingie kwenye faili. Kabla hujaongea na mtu mwingine, mwulize yeye mwenyewe amefanikiwa au la, ulishike jibu lake. Karani aje mwisho anakili anavyotaka. Hata Bibi anaweza hilo."

"Hata Bibi?"

"Lilikuwepo tangu Bibi ni msichana."

Mzee Rivasi aliandika, Injinia akiwa amesimama begani pake. Muuguzi Mkuu sasa aliikubali soda, akawa anatazama kama mtu aliyekuja kwenye tamasha. Mbuzi akaondolewa, programu ya kweli ikarudi. Mzee Rivasi akafumba macho, midomo ikacheza, akabonyeza.

Bibi aliguna. Kijani. Kijani. Kijani. Nyekundu.

Watu wote waliinama. Nyekundu ya kwanza ilisema kwamba mgonjwa aliyetibiwa mwisho wa mwezi wa siku thelathini na moja, akiambiwa arudi baada ya mwezi, alipewa tarehe thelathini na moja ya mwezi wenye siku thelathini. Siku isiyokuwepo. Angeingojea hadi kiama.

"Sehemu ya tarehe," alisema Injinia kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "nani aliiandika?"

Bosi akakohoa.

Muuguzi Mkuu alisimama, akashika mkoba. Bosi alikuwa na rangi ya mtu anayetazama basi likiondoka na mzigo wake. "Sisaini leo," alisema Muuguzi Mkuu. "Irekebisheni. Ikiwa tayari niiteni, ila huyu mzee ndiye atakayenionyesha. Na mbuzi aje tena. Nataka nimwone akifeli." Akateremka ngazi, na walimsikia akicheka peke yake hadi chini.

Mzee Rivasi hakungoja kuambiwa. Alikwenda mezani kwake, akatia chupa ya chai mkobani, akatia miwani ya akiba, akatia kitambaa cha kufutia skrini. Wasaidizi hawakuwa wamefanya kazi kwenye mashine tatu siku ya Ijumaa. Mapatano ni mapatano. Mtu aliyeishi kwa koni hawezi kuomba koni isihesabiwe.

Bosi alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, binti yangu. Nimefeli muda wa majaribio. Uliniambia tutaagana kwa wema."

Bosi alimtazama kwa namna ile ile ambayo hakuwahi kuielewa. "Hunikumbuki, eti? Gari la bluu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, baba yangu ameketi pembeni ya uwanja na kamera yake. Koni ya mwisho kabisa."

Mzee Rivasi alikodoa macho. Sura haikumjia, lakini koni ilimjia. "Ilianguka upande wa kushoto."

"Haikuanguka! Iliegemea!"

"Iliegemea," alikubali kwa upole. "Ukiegemea umegusa."

"Nilikuchukia mwaka mzima. Baba anayo picha yangu nikilia kwenye usukani, imetundikwa sebuleni mpaka leo." Akavuta pumzi. "Jina lako lilipokuja kati ya waombaji, niliruka kwenye kiti. Nikasema, mtu asiyempitisha mtu, huyo ndiye ninayemtaka kwenye majaribio. Na leo umenifelisha mara ya pili, mbele ya mteja!"

"Pole sana," alisema Mzee Rivasi, na moyo wake ulikuwa umeshafika chini kwenye duka la miwani.

Bosi alimpokonya mkoba, akaitoa chupa ya chai, akaipiga mezani pale ilipokuwa. Akainama mbele ya uso wake, kwa upole, kama mtu aliyekuja kutoa rambirambi.

"Rudi Jumatatu," alisema.

Ilimchukua Mzee Rivasi muda kuelewa. Maisha yake yote alikuwa akiyatoa maneno yale, hakuwahi kupewa. Kumbe ukipewa, ndani yake mna mlango. Alifumba macho palepale kati ya nyaya na birika chafu, akasali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, maana ilikuwa na neno moja tu. Nyuma yake Injinia alisema "Amina," kisha akajidai anakohoa.

Jioni Mama alikuwa akimngoja nje. Alimwona anavyoteremka, chupa ya chai anayorudi nayo kila siku haipo mkononi, akashuka garini na huruma iliyokuwa tayari.

"Wamesemaje, Baba?"

"Nimefeli."

"Pole, mume wangu."

"Kisha wakaniambia nirudi Jumatatu."

Mama alimtazama. Alitazama juu, dirisha la ofisi, ambako Bosi na Injinia walikuwa wakipunga mikono. Kicheko kilianzia tumboni kikampanda mpaka akaegemea mlango wa gari. "Rudi Jumatatu!" alisema, akijifuta machozi. "Eh! Mungu yupo. Na wewe umeonja!"

Walipanda. Gari la mboga lilikuwa limesimama mbele yao, ikabidi Mama arudi nyuma ili wapate kutoka. Alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akarudi rivasi polepole kwa heshima zote. Nyuma kukasikika mlio mdogo. Pipa la taka lilitikisika. Halikuanguka.

Mama alishika usukani kwa mikono miwili. "Nimefaulu?" aliuliza, akitazama mbele.

Mzee Rivasi aliifikiria ndoa yake, akafikiria sufuria, akafikiria chakula kilichofunikwa. Midomo yake ikacheza kidogo. Kisha akamgeukia mke wake, kwa upole wote aliojaliwa.

"Rudi Jumatatu, Mama."

"Mshenzi wewe," alisema Mama, akatia gia ya kwanza, na wote wawili walikuwa bado wanacheka walipokata kona.